Mtoto Jukwaani: Je, Apakwe Vipodozi?

Ifikapo miezi ya mwisho wa mwaka, wakati shule za awali na za msingi zinapoandaa mahafali na sherehe za kufunga shule, wazazi wengi hupokea karatasi ndogo kutoka kwa mwalimu wa darasa. Karatasi hiyo hueleza siku ya onyesho, vazi linalotakiwa na, mara nyingi, mchango wa fedha kwa ajili ya kuwapamba watoto. Mzazi hutoa mchango bila kuuliza, kwa kuwa kiasi si kikubwa na hakuna anayependa mwanawe awe peke yake jukwaani asiyefanana na wenzake. Asubuhi ya siku yenyewe watoto thelathini hupangwa foleni, na mpambaji mmoja mwenye mkoba mmoja, kalamu moja ya wanja na sponji moja hupita katika nyuso zote hizo kabla wageni hawajaketi.

Swali la iwapo mtoto mdogo apakwe vipodozi kwa ajili ya onyesho huonekana dogo, na wapo wanaoliona kuwa la kuharibu furaha. Sisi hatulioni hivyo. Mzazi ndiye anayelipia bidhaa inayopakwa, lakini mara nyingi haioni, haisomi lebo yake wala hajui ilinunuliwa wapi. Katika manunuzi yote ya nyumbani ni machache yanayofanywa kwa macho yaliyofumbwa kiasi hiki.

Tutaje msimamo wetu mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asipakwe kipodozi chochote cha urembo kwa ajili ya onyesho. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi minane, jibu la kwanza liwe hapana, na ruhusa itolewe pale tu ambapo jukwaa lenyewe linaihitaji. Huo si mstari wa sheria. Ni ushauri wa tahadhari, na sababu zake ni hizi zifuatazo.

Jukwaa linahitaji nini

Desturi ya kuwapaka waigizaji rangi ilitokana na mahitaji ya ukumbi. Taa kali zinazomulika kutoka mbele hufuta vivuli vya uso. Pua, mashavu na midomo huonekana kama kitu kimoja bapa. Mtazamaji aliyeketi safu ya ishirini haoni tena kama mwigizaji anacheka au analia. Rangi ya jukwaani hurudisha kile ambacho taa na umbali vimekiondoa, na ndiyo maana huonekana nzito kupita kiasi ukiitazama kwa karibu.

Sasa tulinganishe na onyesho la mtoto wetu. Mara nyingi hufanyika mchana, chini ya turubai au katika darasa lililoondolewa madawati, wazazi wakiwa hatua chache tu kutoka kwa watoto. Hakuna taa za jukwaa na hakuna safu ya ishirini. Mzazi anayetaka kuhakikisha asimame mahali kitakapokuwa kiti cha mwisho na amtazame mtoto akiwa amenawa uso tu. Akiziona meno yake anapocheka, jukwaa halihitaji vipodozi. Kinachosaidia zaidi katika mazingira hayo ni vazi lenye rangi inayoonekana, kilemba, shanga, taji la karatasi au barakoa ya kushikwa mkononi, vitu ambavyo huvuliwa kwa sekunde moja mtoto anapochoka.

Upo ukumbi mkubwa wenye taa kweli, na zipo ngoma na maigizo ambamo mtoto ni simba au sungura na uso wake ni sehemu ya hadithi. Hapo mjadala ni mwingine, na tutaurejea.

Ngozi ya mtoto si ngozi ndogo ya mtu mzima

Watu wengi hudhani kwamba kinachomfaa mama humfaa na binti, ila kwa kiasi kidogo. Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba zaidi, na eneo lake ni kubwa likilinganishwa na uzito wa mwili. Kwa hiyo kinachopenya ngozini humfikia kwa kipimo kikubwa zaidi kwa kila kilo ya mwili wake. Tofauti ya pili ni ya tabia. Mtu mzima aliyepakwa rangi ya mdomo hujihadhari. Mtoto huilamba, huila pamoja na andazi, hufikicha macho kwa viganja na hufuta pua kwa mkono uleule. Kipodozi cha uso wa mtoto, kwa hali hiyo, kihesabiwe kuwa kitu kitakachomezwa.

Madini ya risasi ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Madhara yake huenda kwenye ubongo unaokua, na hayaonekani siku ile ya sherehe. Hakuna uvimbe wala mwasho wa kumshtua mama. Kuna uwezo wa kujifunza unaopungua taratibu, bila mtu kukumbuka kalamu ya wanja.

Ukumbi wa maonyesho una historia yake chungu katika jambo hili. Mwaka 1887 mwigizaji wa kabuki wa Japani, Nakamura Fukusuke, alishindwa kuzuia mtetemeko wa mwili alipokuwa akiigiza mbele ya Mfalme Meiji. Ilibainika kuwa alikuwa amedhurika kwa risasi iliyokuwamo katika rangi nyeupe aliyojipaka usoni kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1920 daktari Hirai Ikutaro wa Kyoto alionyesha kwamba ugonjwa wa ubongo uliokuwa ukiwaua watoto wachanga nchini humo ulitokana na risasi katika poda za mama zao. Watoto wale hawakuwa wamepanda jukwaa lolote. Walikuwa wamebebwa na kunyonyeshwa tu na watu waliopakwa.

Wanja, hina na piko

Katika pwani yetu na visiwani, wanja wa manga si jambo la jukwaani pekee. Bibi humpaka mjukuu kwa mapenzi na kwa imani kwamba humlinda. Tunaiheshimu desturi hiyo, lakini hatuwezi kunyamaza kuhusu unga wenyewe. Wanja wa kienyeji wa mawe, katika nchi nyingi unakotumiwa kuanzia Asia ya Kusini hadi Uarabuni na Afrika, umekutwa mara kwa mara ukiwa na salfaidi ya risasi, na wakati mwingine risasi ndiyo sehemu kubwa ya unga huo. Marekani hairuhusu wanja wa aina hiyo kuuzwa kama kipodozi. Unga mweusi uliofungwa katika karatasi au kichupa kisicho na lebo hauna namna ya kupimwa kwa macho. Ule wenye risasi na ule usio nayo hufanana kabisa. Usipakwe mtoto, awe jukwaani au kitandani.

Hina ya kweli ni jani lililosagwa. Huacha rangi ya machungwa inayoelekea kahawia, na huhitaji saa kadhaa ili ishike. Kwa watoto wengi haina tatizo. Wapo hata hivyo wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi katika maeneo yenye malaria, ambao hina inaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu, hasa watoto wachanga wanapopakwa sehemu kubwa ya mwili. Mzazi aliyewahi kuambiwa hospitalini kuwa mwanawe ana upungufu huo asimpake kabisa.

Piko ni jambo jingine, na hapa tunaomba wazazi watusikilize kwa makini, kwa kuwa mara nyingi hutajwa kana kwamba ni hina nyeusi tu. Rangi nyeusi inayoshika katika muda mfupi kwa kawaida hutokana na dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo p-phenylenediamine, au kwa kifupi PPD. Umoja wa Ulaya huiruhusu katika rangi za nywele kwa kipimo kisichozidi asilimia 2 ya mchanganyiko unaopakwa, na hauruhusu ipakwe moja kwa moja kwenye ngozi. Kipimo anachotumia mpambaji wa mtaani hakijulikani. Ngozi inaweza kuvimba na kutoa malengelenge yanayofuata umbo la ua lenyewe, wakati mwingine siku kadhaa baada ya kupakwa, mama akiwa ameshasahau. Lililo baya zaidi ni kwamba mwili ukishaikataa PPD mara moja huikataa maisha yote. Binti aliyepambwa piko akiwa na miaka sita anaweza kulazwa hospitali akiwa na miaka thelathini kwa sababu ya dawa ya kufunika mvi.

Unga unaopeperuka, unga unaounguza

Poda hupakwa ili uso using'ae. Hatari yake kwa mtoto mdogo iko hewani kuliko usoni: sponji inapogongwagongwa, unga mwembamba huvutwa na kufika mapafuni. Kuna pia swali la talki, jiwe linalotengenezewa poda nyingi, ambalo ardhini hukaa karibu na asbesto. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kukuta asbesto katika baadhi ya vipodozi, vikiwemo vilivyouzwa katika maduka ya watoto na wasichana. Kwa hiyo picha ya kipepeo au binti mfalme juu ya kopo haithibitishi chochote kuhusu kilichomo. Seti za vipodozi vinavyouzwa katika rafu ya vinyago, kando ya wanasesere, tunazishuku kwa namna ya pekee: mnunuzi huzichukulia kama mchezo, na mara nyingi hazina jina la mtengenezaji wala tarehe.

Unga wa kumetameta wa duka la vifaa vya shule umetengenezwa kwa kadi za sikukuu. Chembe zake zina kingo kali, na moja tu ikiingia jichoni mtoto akifikicha, inaweza kukwaruza mboni. Rangi za maji za kuchorea, kalamu za wino mzito na gundi za karatasi hazigeuki kuwa vipodozi kwa sababu tu zimeandikwa kuwa hazina sumu. Maandishi hayo humhusu mtoto anayechora kwenye karatasi.

Na chokaa. Katika maonyesho ya ngoma za asili, watoto huchorwa mistari na madoa meupe, na mwalimu aliyekosa rangi hukumbuka ndoo iliyobaki baada ya kupaka ukuta wa darasa. Chokaa iliyokorogwa kwa maji ni alikali kali inayounguza ngozi laini, hasa pale jasho linapoiloanisha tena, na ikiingia jichoni huweza kuharibu uwezo wa kuona. Unga wa muhogo uliokorogwa na mafuta kidogo ya kupikia hutoa mstari mweupe unaoonekana vizuri kutoka kwenye viti, na bei yake haimshindi mtu.

Sponji moja, nyuso thelathini

Hata kipodozi kilicho safi kikitoka kiwandani huchafuka kikishaguswa. Macho mekundu, majipu, upele wa kuambukiza na vidonda vya mdomo husafiri kwa brashi na vidole. Wasomaji wanakumbuka jinsi ugonjwa wa macho mekundu ulivyoenea nchini mwanzoni mwa mwaka 2024. Darasa linalochangia kalamu moja ya wanja huupatia ugonjwa kama huo njia ya mkato. Trakoma nayo, ambayo bado ni tatizo katika baadhi ya wilaya zetu, husambaa kwa mikono, nguo na inzi, na hatuoni kwa nini kalamu inayopita jicho hadi jicho ipewe nafasi.

Katika jambo hili hatuna hali ya kujadiliana. Chochote kinachogusa jicho au mdomo kisichangiwe.

Kuhusu weupe na utu uzima

Kuna jambo ambalo halimo katika kemia. Tumezoea kuona picha za mahafali ambamo nyuso za watoto zina rangi tofauti na shingo zao, kwa kuwa mpambaji alikuwa na faundesheni moja ya mtu mweupe kuliko wao. Mtoto huelewa haraka kuliko tunavyodhani. Anapoambiwa kwamba sasa amependeza, baada ya uso wake kufunikwa kwa weupe, anajifunza kitu ambacho baadaye kitampeleka kwenye duka la krimu za kujichubua, zile zenye zebaki na haidrokwinoni ambazo zimepigwa marufuku nchini. Vivyo hivyo, msichana wa miaka mitano aliyepakwa midomo myekundu na kubandikwa kope za bandia hafanani na mwigizaji. Anafanana na mtu mzima. Wapo wazazi wanaoliona hilo kuwa utani usio na ubaya, na hatuwezi kuwaamulia. Tunachosema ni kwamba mzazi asiyeridhika asione haya kusema.

Mtoto mwenyewe naye aulizwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa na haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Anayelia na kugeuza uso wakati wa kupakwa ameshatoa maoni yake.

Kama jibu ni ndiyo

Pale ambapo hadithi inahitaji uso wa simba, au ukumbi una taa kali, chaguo la busara ni rangi chache, mahali pachache, kwa muda mfupi. Mashavu na ncha ya pua hutosha kwa wanyama wengi wa hadithi zetu. Eneo la macho liachwe. Masharubu ya paka yanaonekana vizuri bila kope kuguswa. Rangi ipakwe nusu saa kabla ya onyesho, si alfajiri.

Dukani, mnunuzi aangalie kama bidhaa ina jina na anuani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo, na tarehe za kutengenezwa na kuisha muda. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa vipodozi Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo husajili vipodozi vinavyoruhusiwa sokoni. Mnunuzi mwenye shaka anaweza kuuliza huko. Akiona katika orodha maneno mercury, mercurio au calomel, au alama Hg, airudishe rafuni. Mchoro wa kopo lililofunguliwa wenye namba kama 6M au 12M humaanisha miezi ambayo bidhaa hufaa baada ya kufunguliwa. Vipodozi vilivyobaki kutoka harusi ya shangazi mwaka juzi havina nafasi katika mkoba wa mtoto, hata kama vilikuwa vya bei ghali.

Siku mbili kabla, kiasi kidogo kipakwe upande wa ndani wa mkono wa mtoto na kitazamwe. Wekundu, mwasho au vipele ni jibu tosha. Baada ya onyesho rangi iondolewe mara moja, kabla ya keki na picha za mwisho ikiwezekana: mafuta ya nazi au ya mtoto kwa kitambaa laini kwanza, kisha sabuni isiyo kali na maji. Spiriti, mafuta ya taa na dawa ya kuondolea rangi ya kucha visifike usoni kwa hali yoyote.

Kuzungumza na mwalimu

Wazazi wengi hushindwa hapa kuliko mahali pengine. Hawataki kuonekana wasumbufu. Lakini mazungumzo yenyewe ni mafupi, na yakifanywa wiki mbili kabla hayamwaibishi mtu:

"Shikamoo mwalimu. Samahani, nimekuja kuhusu onyesho. Naomba Asha asipakwe kitu machoni, na rangi ya mashavu nitamletea yake."

"Marahaba, mama Asha. Hakuna shida, ila wenzake wote watapakwa. Si atajisikia vibaya?"

"Ndiyo maana nimekuja mapema, mwalimu. Pengine na wazazi wengine wangependa hivyo. Mchango tukiununulia vilemba vya vitenge, watafanana wote."

Kamati ya wazazi inaweza kulifikisha jambo hilo kwa uzito zaidi, na shule ikiamua kuendelea na mpambaji, iombwe mambo matatu tu: ridhaa ya maandishi ya kila mzazi, kifaa cha peke yake kwa kila mtoto, na makopo yenye lebo zake yaonekane kwa anayetaka kuyaona. Mpambaji anayekataa kuonyesha makopo yake ameshajibu.

Likitokea tatizo

Ngozi ikiwasha au kuvimba, ioshwe kwa maji mengi na sabuni laini, na mtoto apelekwe kituo cha afya ikiwa uvimbe unaenea, ukifika machoni au mdomoni, au akipumua kwa shida. Kemikali au chokaa ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha hospitali bila kungoja. Aliyemeza asilazimishwe kutapika.

Taarifa itolewe katika ofisi ya TBS iliyo karibu. Pale ambapo lebo ilidanganya au bidhaa ilikuwa bandia, Tume ya Ushindani nayo hupokea malalamiko ya watumiaji. Risiti husaidia, na picha ya ngozi iliyopigwa siku hiyohiyo husaidia zaidi, lakini kinachohitajika kuliko vyote ni kopo lenyewe, hata likiwa tupu. Likishatupwa, mkaguzi hubaki bila namba ya toleo ya kumwongoza hadi duka lililoliuza, na makopo mengine ya toleo hilo huendelea kukaa rafuni.